Habari za Shule na Nyumbani: Magunia Matatu ya Februari



Mwezi huu twataka kusema nanyi habari za shule ndogo zisizo za serikali, ambazo hapa Kitete na katika mitaa jirani ya Tabora zaishi kwa ada ya wazazi na kwa nguvu za mikono. Shule hizo hazina majengo ya kujivunia. Vyumba vitatu au vinne, mwembe wa kukalia kivulini, kisima, jiko la mafiga, na kipande cha shamba nyuma ya choo. Lakini watu wa mtaa wazipenda, kwa sababu mwalimu amjua kila mtoto kwa jina lake, na bibi yake pia amjua.

Tangu mwaka 2016 shule za serikali hazidai ada, toka shule ya msingi hata kidato cha nne. Jambo hilo limeingiza watoto wengi sana madarasani, nasi twalifurahia. Basi mzazi ampelekaye mtoto wake katika shule ya kulipia hakulazimishwa na mtu, amechagua mwenyewe. Lakini kuchagua shule mwezi wa Julai, ghala likiwa limejaa, ni jambo moja, na kuilipia mwezi wa Februari ni jambo jingine kabisa. Hiyo ndiyo habari yetu.

Mwaka wa shule una mlango wake, nao ni Januari. Mwaka wa jembe una mlango wake, nao ni mvua za kwanza, mwisho wa Oktoba au katika Novemba. Kitete ni mjini, naam, na hospitali kubwa ya mkoa iko kwetu. Lakini mji wetu hauko mbali na jembe. Wengi walalao Kitete wana mashamba yao Itetemia, Tumbi, Uyui, na mbali zaidi. Mvua ikinyesha usiku, alfajiri utawaona barabarani, jembe limefungwa juu ya baiskeli, mama ameketi nyuma na mbegu ndani ya kanga. Kwa hiyo kila nyumba hapa ina kalenda mbili, na mtoto wa shule ndiye aliye kati.

Mvua za kwanza ni furaha tupu. Kumbikumbi huruka usiku wakafuata taa, na asubuhi mwalimu hana haja ya kuuliza kwa nini nusu ya darasa lasinzia. Matuta hupigwa, mahindi na karanga hupandwa, na katika mapori ya miombo uyoga huanza kuota. Tena maembe huiva. Mji huu una miembe mingi kupita kiasi, na ile ya zamani imesimama kandokando ya njia za misafara ya kale, ambako wapagazi walipumzika. Katika Novemba na Desemba hakuna mtoto wa Tabora anayelala bila kitu tumboni. Akikosa ugali atapanda mti. Ndiyo sababu twasema maembe yana hila kidogo. Yatuficha njaa mpaka Januari, kisha yakwisha yote pamoja, na ndipo tunapotazama ndani ya ghala.

Na Januari hiyo hiyo shule yafunguliwa.

Sare, viatu, madaftari, ada. Tena palizi imepamba moto, na shamba lisilopaliliwa sasa halitatoa kitu Mei. Mahindi machanga yana adui wengi, na katika mashamba ya kando ya pori lazima mtu akae kuwafukuza nyani na ngedere. Mtu huyo mara nyingi ni mtoto, maana mtoto haulizwi mshahara. Mbu nao ni wengi katika miezi hiyo, na homa hutembea nyumba kwa nyumba. Ukiingia darasani katika wiki ya pili ya Februari utaona wazi mambo hayo yote kwa mara moja. Mwalimu aita majina, na baadhi hayaitikiwi. Mmoja yuko shambani, mmoja yu mgonjwa, mmoja amerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, na mmoja amekuja lakini hakula tangu jana mchana, naye aliyekuja hivyo hafanyi hesabu vema kuliko yule asiyekuja.

Katika hao wanne, twamhurumia zaidi yule aliyerudishwa. Mgonjwa atapona, na wa shambani atarudi palizi ikipungua. Lakini aliyerudishwa kwa ada hupita mtaa mzima mchana kweupe na mfuko wake, na kila aketiye barazani ajua sababu. Wapo warudio baada ya siku tatu. Wapo warudio mwezi wa Mei, wakakuta wenzao wamefika mbali. Na wapo ambao mlango ule wa Februari ndio uliowafungia kabisa. Tena fikirini habari za baba yake. Hana fedha, lakini ana mahindi mabichi shambani, na yuko mtu mjini aliye tayari kumkopesha leo kwa ahadi ya magunia Juni. Ada italipwa. Lakini gunia lililonunuliwa likiwa bado shambani lina bei ya aibu, na baba huyo atavuna mwezi wa Juni ili kumvunia mtu mwingine. Mwakani, Februari, atakuwa pale pale.

Sasa twawaombeni mtazame upande wa pili wa mwaka, kwa maana ni vigumu kuamini kwamba ni watu wale wale.

Mwezi wa Aprili mvua zapungua. Karanga zang'olewa, viazi vitamu vyachimbwa, mpunga wakatwa mbugani, na mahindi yakauka juu ya mabua. Kufika Juni baridi ya asubuhi yaanza, na kila ua una viazi vilivyoanikwa. Vile vilivyokatwa vibichi vikakauka ndivyo michembe, na vile vilivyochemshwa kwanza ndivyo matobolwa, ambavyo mtoto huweka mfukoni akatafuna njiani mpaka shuleni. (Walimu hulalamika juu ya matobolwa darasani. Sisi twaona ni kelele ndogo kuliko kelele za njaa.) Ngoma zaanza kusikika jioni. Maharusi yapangwa. Mpira wa miguu wachezwa kila siku, maana uwanja umekauka.

Shule ndogo huwa na maisha mengi sana katika kiangazi. Wazazi huja Jumamosi kufyatua matofali. Wengine hukandika ukuta ulioharibiwa na mvua. Wavulana wakubwa hufyeka njia pana kuzunguka uwanja, ili moto wa pori usifike kwenye majengo, maana kutoka Agosti mpaka Oktoba mapori yetu huwaka. Wasichana kwa wavulana huchota maji ya kumwagilia miche, na foleni kisimani huwa ndefu kila wiki. Darasa la saba hukaa jioni na taa, kwa sababu mtihani wao ni Septemba. Na walimu wenye moyo huwapeleka watoto Kwihara, nje kidogo ya mji, kuona tembe alimokaa Livingstone.

Safari hiyo ya Kwihara twaisifu, nasi twapenda watoto waelezwe vizuri wakiwa pale. Stanley na Livingstone walifika katika tembe lile Februari 18, 1872, wakitoka Ujiji. Machi 14 wakaagana. Livingstone alibaki akingoja wapagazi watakaotumwa kutoka pwani, akangoja mpaka Agosti 25 ndipo akaondoka, na hakuonana tena na watu wa kwao hata kufa. Stanley yeye hakungoja kiangazi. Alishika njia katikati ya masika, akafika Bagamoyo Mei 6 baada ya kupita katika mafuriko na matope. Mtoto aliyepita mbuga zetu mwezi wa Machi hahitaji kuelezwa sana taabu hiyo.

Lakini jambo la kale lililo kubwa kwetu si la wageni hao, ni la wapagazi wenyewe. Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu mpaka pwani, wakarudi na nguo na shanga, wakasifiwa katika nchi zote kwa nguvu na maarifa ya njia. Nao kwa desturi walisafiri kiangazi. Walivuna kwanza, wakafunga mizigo, wakaenda. Na wengi walitaka kuwa nyumbani mvua zikianza, kwa kuwa shamba halimngoji mtu. Mfanyabiashara aliyetaka wapagazi wengi wakati wa kulima alipata tabu kuwapata, au alilipa zaidi. Biashara ile kubwa, iliyofika mpaka Zanzibar na nchi za ng'ambo, ililazimika kulifuata jembe la Unyanyembe. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 kazi ya wapagazi ilikwisha, kwa kuwa treni haijui palizi. Nayo kalenda ya shule inafanana zaidi na treni kuliko msafara.

Yuko mtu aliyelifikiri jambo hili zamani, naye alifundisha katika mji huu. Julius Nyerere alisoma katika shule ya serikali ya Tabora tangu mwaka 1937. Alipotoka Makerere alirudi hapa, akawa mwalimu katika shule ya Mtakatifu Maria ya Mapadre Weupe tangu 1946 hata 1949, alipokwenda Edinburgh kusoma. Basi misimu ya Tabora aliijua kwa kukaa ndani yake, akiwa mwanafunzi kisha mwalimu. Hata alipokuwa Rais, alitoa mwezi wa Machi 1967 andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Watu wengi hukumbuka humo habari za mashamba ya shule, tena wengine hukumbuka kwa uchungu, maana pako mahali ambapo mtoto alilima zaidi ya kusoma. Lakini humo humo mna jambo jingine ambalo halitajwi sana. Alitaka mihula na saa za shule ya msingi zipangwe hivi kwamba mtoto aweze kushiriki kazi ya shamba la nyumbani kwao, akiwa mmoja wa jamaa. Hakuwaza shamba la shule peke yake. Aliwaza kalenda.

Mihula haikubadilishwa, na shule ndogo ya Kitete haiwezi kuibadilisha. Mtihani wa taifa ni siku moja kwa nchi nzima, na mtoto wa Tabora lazima awe amesoma sawa na mtoto wa Moshi, ingawa mvua zao hazifanani. Basi mlango wa Januari utabaki Januari. Twasema tu kwamba malipo si lazima yapite katika mlango huo huo.

Tuanze na tumbo, kwa kuwa ndilo jepesi. Mtoto mmoja hutosheka asubuhi na uji wa gramu 100 za unga usiokobolewa. Watoto 50 ni kilo 5 kwa siku. Gunia la kilo 100 ni siku 20. Tangu shule kufunguliwa Januari mpaka mwisho wa Machi, siku za masomo hazizidi 60. Basi ni magunia matatu! Tulipofanya hesabu hii mara ya kwanza tuliirudia, tukidhani tumekosa mahali, kwa maana tulizoea kuisikia njaa ya Februari ikisemwa kana kwamba ni mlima. Magunia matatu ni debe 18. Nyumba 36 zikitoa nusu debe kila moja mwezi wa Julai, shule ya watoto 50 ina uji wa miezi mitatu iliyo migumu. Anayetaka kuongeza karanga za kusaga ndani ya uji, na alete karanga. Na katika nchi hii ya mizinga si vigumu kupata kijiko cha asali.

Nusu debe mwezi wa Julai hakuna nyumba ya mkulima itakayoililia. Nusu debe hiyo hiyo mwezi wa Februari mama huipima kwa kikombe.

Kuitunza ndiyo kazi. Wasomaji wazee wamjua dumuzi, yule mdudu mdogo mweusi ambaye watu walimpa jina la Scania, kama lori. Kwao ni Amerika ya Kati, na ni hapa Tabora alikoonekana kwanza katika Afrika, kabla hajaenea nchi nyingine. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Akiingia katika mahindi ya magunzi hayaachi mpaka yawe vumbi. Kwa hiyo mahindi ya shule yasiwekwe na magunzi yake kama tulivyofanya kwa mazoea. Yapukuchuliwe mapema, yakaushwe sana juani, kisha yachanganywe na dawa ya unga ya ghala kwa kipimo kilichoandikwa, au yatiwe katika mifuko isiyopitisha hewa na kufungwa barabara. Mfuko huo ukitobolewa na panya hauna faida tena, basi magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta. Na mahindi yaliyochanganywa na dawa yasisagwe kabla ya muda ulioandikwa kwisha. Kisha yapepetwe vizuri. Hili mama mpishi aelezwe yeye mwenyewe. Asiambiwe mtoto ampelekee habari.

Tena ghala liwe na kufuli mbili. Ufunguo mmoja akae nao mwalimu, mwingine mzazi aliyechaguliwa mkutanoni. Hatusemi hivi kwa kumdhania mtu wizi. Lakini mahindi ya watu wengi yakipungua bila maelezo, mwakani hakuna atakayeleta.

Ada ni ngumu zaidi, na hapa tumesikia maneno ya pande mbili. Mwalimu mkuu wa shule ndogo atatuambia: "Ndugu zangu, walimu wangu hula kila mwezi. Nikingoja mavuno, Machi nitafundisha peke yangu." Hayo ni kweli, wala hatuna jibu la kuyafuta. Mwalimu asiyelipwa huondoka, na shule yenye walimu watatu ikiondokewa na mmoja imeondokewa na theluthi ya shule. Mzazi naye atasema: "Kama sina, sina." Hayo pia ni kweli, ingawa twawajua wachache wanaoyasema Februari na Julai vilevile, na pikipiki mpya i uani.

Twaona hivi. Ada ya muhula wa kwanza ipokewe mapema, kati ya Julai na Septemba ya mwaka uliotangulia, kidogo kidogo, kila mzazi na daftari lake, na kila malipo yatiwe sahihi. Mkulima auze gunia lake kwa hiari yake, likiwa kavu, baada ya kuulizia bei kwa wanunuzi wawili au watatu, wala si shambani likiwa bichi. Anayetaka kulipa kwa mahindi aruhusiwe, yapimwe kwa mizani mbele ya watu wawili, na bei iandikwe siku ile ile. Maana bei hupanda kutoka Julai hata Februari, na isipoandikwa kila mtu ataikumbuka iliyo nzuri kwake. Shule iliyoweka mahindi hayo yaweza kuyauza baadaye kwa bei njema kuliko ya mavuno, na ile tofauti ikalipa ada ya mtoto mmoja au wawili ambao kwao kuna msiba. Fedha nayo iwekwe benki, si katika sanduku la mtu, nayo isiguswe kabla ya Januari. Hapa ndipo twaogopa zaidi kuliko habari za dumuzi. Kiangazi kina mambo mengi, matofali, mabati, sherehe ya darasa la saba, na kamati yenye fedha mkononi mwezi wa Septemba huona kila shimo kuwa la haraka. Fedha ya Februari ikiliwa Septemba, wazazi watakuwa wamelipa mara mbili kwa njaa ile ile.

Na asiyekuwa na shamba? Wapo hapa Kitete wengi, wafanyao kazi za mjini kwa ujira. Hao mwezi wao mgumu ni mwingine, au ni kila mwezi. Kwao kulipa kidogo kila mwisho wa mwezi kwafaa zaidi, na shule isiwalazimishe desturi ya mkulima. Katika nusu debe ya uji wanaweza kutoa kazi: kuchukua mahindi mashineni, kuleta kuni, kutengeneza jiko ili lisile kuni nyingi. Mama mmoja akikoroga uji siku moja kila wiki, na wenzake wanne siku nyingine, mshahara wa mpishi umepatikana.

Wale watoto watumwao kulinda mahindi, kwa hao shule haina budi kusema na wazazi waziwazi kabla ya mvua. Jirani watatu wenye mashamba yanayopakana waweza kulinda kwa zamu, mtu mzima mmoja kwa siku, kama wazee wetu walivyolima kwa ujima. Na mwalimu akijua kwamba wiki fulani ya Januari ni ya palizi kuu, asiweke mtihani wa darasa wiki hiyo. Hilo halihitaji ruhusa ya mtu wa mbali.

Shule zitakazokutana na wazazi mwezi huu twaziomba zipeleke hesabu hii ya magunia mbele ya mkutano, ziigeuze kwa idadi ya watoto wao, kisha zituandikie yaliyokubaliwa na yaliyokataliwa. Yaliyokataliwa pia twayataka, na sababu zake. Mwezi ujao, tukijaliwa, tutaeleza habari za mizinga ya shule, na kwa nini haifai kuitundika karibu na njia wanayopita watoto wadogo.